Kitabu changu cha Luteni Cameron, na nakala 500 zilizonitoa jasho

Nakala 212 za kitabu changu ziko chini ya kitanda cha chumba cha wageni, hapa Ujiji, zimefunikwa turubai zisiliwe na mchwa. Zilichapwa 500. Kila moja ina kosa juu ya jalada, kwa herufi kubwa za njano, na kosa hilo nililitunga mwenyewe, nikalisoma mara nne bila kuliona, kisha nikalilipia fedha taslimu. Mwaka huu watu watatu wamenipigia simu wakitaka kujua nilianzaje, maana nao wana mtu wao wa kale wanayetaka kumwandika. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Haya hapa yote.

Mtu wangu ni Verney Lovett Cameron, luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Alizaliwa 1844 karibu na Weymouth, baba yake mchungaji, akaingia jeshini 1857, bado mtoto wa miaka 13 hivi. Alifika pwani yetu kwenye meli za doria zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na huko ndiko alikookota Kiswahili. Machi 1873 alitoka Bagamoyo kwa miguu kumpelekea Livingstone msaada. Novemba 1875 akatokea Katombela, pwani ya Angola, akiwa hoi kwa kiseyeye.

Mimi nilitumikia kamandi ya wanamaji miaka 22, sehemu kubwa ikiwa doria kati ya Tanga na Mtwara. Nilipostaafu nikahamia Ujiji, kwao mke wangu. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley wageni hupiga picha chini ya miembe, husikia habari za 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, wakaenda zao. Sikuwahi kumsikia mtu akisema kwamba Februari 1874 aliingia hapa ofisa wa majini aliyetembea kutoka baharini, akaanza kutafuta mashua ya kukodi. Hilo lilinishika. Nikasema huyu ni wa kwetu, nitamwandika. Basi ndiyo hivyo: nilikwisha kumpenda kabla sijamsoma. Vitabu vyetu vya shule viliwaita watu wa aina yake "wapelelezi", neno ambalo jeshini hulitumii kwa mtu unayempenda, na pengine ningelisikiliza neno hilo vizuri zaidi ningeokoa fedha.

Fedha ya kwanza niliitupa kwenye kitabu. Cameron aliandika safari yake katika juzuu mbili, 1877. Nikamwagizia kijana mmoja anayeleta vitu kutoka nje, Sh 190,000 na wiki saba za kusubiri. Kumbe kiko bure mtandaoni, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, maana hati miliki yake ilikwisha zamani. Nakala niliyonunua haikuwa hata na ramani. Ukitaka kitabu cha karne ya 19, tafuta kwanza cha bure, na ukikipata hakikisha ramani imo, kwa sababu nusu ya kazi iko kwenye ramani.

Fedha ya pili ilikwenda Bagamoyo. Sikuwa nimemaliza juzuu la kwanza, lakini nilitaka kusimama pale alipoanzia. Siku nne, nauli, chakula na nyumba ya wageni, jumla Sh 410,000. Nilirudi na picha za mnara wa kanisa na daftari tupu, kwa kuwa sikujua la kuuliza. Mara ya pili nilipanda treni ya reli ya kati kutoka Kigoma, kitabu mapajani, nikakisoma kinyumenyume njia nzima. Reli ile inakaribiana na njia ya misafara. Tulipotoka Ugogo kuelekea upande wa Mpwapwa nilikuwa kwenye kurasa za pori la maji ya chumvi analoliita Marenga Mkali, nikainua macho dirishani nikaona vichaka vyenyewe, vikavu, vimekaa kama vinasubiri mtu. Nauli ya treni ilinifundisha zaidi ya zile siku nne.

Kuna jambo la majina. Cameron aliandika kwa sikio la Mwingereza. Nilitafuta mji unaoitwa Kawele wiki mbili nzima, kwenye ramani ya karatasi, kwenye simu, kwa watu wa halmashauri. Siku moja nikalitamka kwa sauti sokoni, nikiwa nachagua migebuka, na mama aliyekuwa ananipimia akaniangalia kama mgonjwa. "Kawele si hapa hapa Ujiji, baba?" Nilikuwa nimekaa juu yake. Tangu siku ile nikawa nasoma kwa mdomo, si kwa macho. Maneno mengi yaliyojificha kwenye Kiingereza chake yakafunguka: pagazi, kirangozi, posho, tembe, hongo ya kupita kwenye nchi ya mtu. Mwandishi asiyejua Kiswahili angehitaji kamusi, sisi tunahitaji kusoma kwa sauti tu.

Sasa nije kwenye sehemu niliyoifanya vizuri, maana iko moja. Mimi najua kusoma daftari la safari la ofisa wa majini. Mtu wa namna hiyo hufundishwa tangu utotoni kwamba tarehe, mahali, upepo na kina cha maji haviandikwi kwa kubahatisha. Cameron alibeba sekstanti, chombo cha kujua mahali ulipo kwa kupima jua na nyota, kutoka Bagamoyo, na alipofika Kwihara, jirani na Tabora, alikuwa karibu kipofu kwa homa na ugonjwa wa macho, lakini vipimo vinaendelea. Katika Ziwa Tanganyika alizunguka nusu ya kusini kuanzia Machi hadi Mei 1874 kwa mashua ya tanga aliyoipa jina Betsy. Anasema katika sehemu aliyoipima aliona mito 96 inayoingia ziwani na mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa magharibi. Aliusukumia chombo ndani mpaka majani yaliyoelea yakamzuia.

Wakubwa wa jiografia kule London waligawanyika. Stanley alipofika 1876 akaona maji yamesimama, yamezibwa na matope na mafunjo, akasema Cameron kakosea kuuita mto unaotoka. Miaka michache baadaye kizuizi kikavunjika na Lukuga ukawa unabubujika kwenda mto Lualaba. Leo mtu wa Kalemie hahitaji kubishana na yeyote, mto unapita mlangoni kwake.

Na huko Nyangwe, kando ya Lualaba, Agosti 1874, alifanya jambo ambalo mimi kama ofisa naliheshimu mpaka kesho. Livingstone alikuwa ameishi na matumaini kwamba Lualaba ni Naili. Cameron hakupata mitumbwi ya kuufuata, wenye nayo walikataa kumuuzia. Akapima kimo cha mahali pale, akakilinganisha na cha Gondokoro kwenye Naili. Nyangwe ilikuwa chini zaidi. Maji hayapandi mlima. Akaandika kwamba huu lazima uwe Kongo, na Stanley alipoushuka mpaka baharini 1877 ikawa ndivyo.

Kwa hiyo nikaandika kurasa 60 za sifa. Niliona fahari kweli. Nikampelekea binti yangu, anayefundisha Kiswahili sekondari huko Tabora. Alizikalia wiki tatu, kisha akarudisha na ukurasa mmoja wa wino mwekundu. Juu kabisa aliandika hesabu: "Bombay, mara 3. Leo, mara 5."

Leo ni mbwa wa Cameron.

Bombay ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa mtoto, akauzwa India, akarudi akiwa mtu huru. Alikuwa na Burton na Speke walipofika ziwa hili 1858. Alikuwa na Speke na Grant walipokwenda kutafuta chanzo cha Naili. Alikuwa na Stanley 1871. Kisha akauongoza msafara wa Cameron kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki. Cameron anamlalamikia: mlevi, amechoka, anaishi kwa sifa za zamani. Nilikuwa nimeyanakili malalamiko hayo kama yalivyo. Binti akaandika pembeni, "Baba, na wewe ulipokuwa kazini uliandikaje ripoti za mabaharia wako?"

Sikumjibu siku mbili. Niliandika ripoti kama hizo, nyingi tu. Chombo kikifika salama ni mimi, kikichelewa ni uzembe wa mabaharia. Hapo ndipo nilipoelewa namna ya kumsoma ofisa: akikupa namba mwamini, akikusimulia watu tafuta mdomo mwingine. Wanaoandika wasifu wa mtu mmoja kwa kutegemea kitabu chake mwenyewe, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanachapa upya ripoti yake kwa mkubwa wake.

Nikarudia toka mwanzo. Miezi minane zaidi.

Kwanza Kwihara. Nilikuwa nimeandika kwamba Cameron "aliuokoa mwili wa Livingstone". Uongo mtupu, na si wake, ni wangu. Oktoba 1873 yeye na daktari wake, Dillon, walikuwa wamelala hoi kwa homa. Akaletewa barua. Akaisoma, akairudia, kichwa chake hakikushika maana, mpaka Chuma, mtumishi wa Livingstone, alipoingia mwenyewe akamwambia kwa mdomo kwamba Livingstone amekufa. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba mwili kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia, zaidi ya miezi mitano njiani. Cameron akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Kama kuna aliyeokoa, ni wale waliomkatalia luteni wangu. Dillon alirudi nao kuelekea pwani, na njiani, kwenye wazimu wa homa, akajiua. Moffat, mpwa wa Livingstone aliyeuza shamba lake la miwa Natal ili aje, alikuwa amekwisha kufa tangu Mei, hata kabla ya Ugogo. Murphy, ofisa mwingine wa msafara, alijiuzulu. Cameron akaendelea na Bombay.

Pili, kurasa nilizoziruka. Ziko kwenye juzuu la pili na nilizijua vizuri, niliziruka kwa makusudi. Baada ya Nyangwe, Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alimchukua mpaka kambini kwake, kisha Cameron akaingia nchi ya Kasongo, mfalme wa Waluba, akakwama huko miezi mingi. Njia ya kutoka ilikuwa kufuatana na mfanyabiashara wa watumwa kutoka Bihé, Angola, aliyeitwa Alvez. Siku moja mtu wa msafara ule, Coimbra, akaja na wanawake 52 waliofungwa kamba makundi makundi, wengine na watoto mgongoni. Cameron akapiga hesabu kwa uchungu: ili kuwapata hao 52, vijiji visivyopungua 10 viliteketezwa. Anaandika akiwa amejaa hasira, na naamini hasira yake. Lakini kesho yake anatembea na msafara ule ule. Ofisa aliyekuwa akikimbiza majahazi ya watumwa baharini sasa analindwa njiani na mwenye watumwa, na hana pa kwenda. Nilikaa na ukurasa huo usiku kucha, mke wangu akaja mara mbili kuzima taa. Niliona aibu kwa niaba yake, ndiyo maana nililificha mwanzoni. Toleo lililochapwa lina sura nzima juu ya jambo hilo, na walimu wananiambia ndiyo inayosomwa.

Safari ya ziwani ningependa niisahau. Nilitaka kufika mlango wa Lukuga kwa maji, kama yeye. Nikakodi boti ya mbao yenye injini ya nguvu ndogo, mafuta, posho ya watu wawili, nikapanga Julai kwa kuwa Julai nilikuwa na nafasi. Nahodha, mtu wa Ujiji aliyezaliwa ndani ya mtumbwi, akaniambia, "Afande, huu ni wakati wa kusi." Nikamjibu kwamba upepo wa kusi nimeushinda Mafia. Akanyamaza kwa adabu. Kitabu nilikuwa nacho mkononi, kinasema Machi mpaka Mei, na sikujiuliza kwa nini.

Mawimbi ya bahari ni marefu, unayapanda na kuyashuka. Ya ziwa hili ni mafupi, yamebanana, yanapiga kabla hujamaliza kushuka. Siku ya pili, karibu na Rasi ya Kabogo, nilikuwa nachota maji kwa ndoo kama kuruta. Cameron anasimulia rasi hiyo: wale waliomwongoza waliwatolea sadaka ya shanga mashetani wawili, Kabogo na mkewe, na yeye anaandika kwa kejeli kidogo. Nahodha wangu, kijana mwenye simu mbili na jezi ya Simba, alipunguza injini, akatia mkono mfukoni, akadondosha kitu majini bila kunitazama. Sikumuuliza, na kejeli sikuwa nayo. Tukageuza. Sh 640,000, na Lukuga sikuuona.

Mwenye nia ya kwenda aende Machi au Aprili. Aandae pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, apitie kwanza ubalozi mdogo wa Kongo uliopo Kigoma kuulizia viza na hali ya usalama ng'ambo, asiamini aliyoambiwa mwaka jana. Na bajeti aiongeze nusu. Cameron mwenyewe alizidisha matumizi kiasi kwamba Chama cha Kijiografia cha Kifalme kule London, kilichomtuma, kilisita kulipa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye alikuwa amesoma habari za utajiri wa Kongo alizotuma Cameron, aliyasikia hayo kwa masikio mapana sana, na 1876 Cameron alikuwa miongoni mwa wageni wake mkutanoni Brussels. Yaliyofuata Kongo tunayajua. Cameron alikufa Machi 1894, kwa kuanguka kutoka kwenye farasi, Uingereza.

Basi kitabu kikakamilika. Mchapaji akataka Sh 2,750,000 kwa nakala 500. Kwa jalada nilikuwa nimeandika: "Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi." Kijana aliyesanifu akasema maneno hayaenei, tufupishe. Tukafupisha kwa simu, mimi nikiwa kwenye foleni ya benki. Ikawa: MTU WA KWANZA KUVUKA AFRIKA.

Nilijua si kweli. Livingstone alitoka Luanda, pwani ya Angola, akafika Quelimane, pwani ya Msumbiji, 1856. Kabla yake wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, walitoka Angola wakafika Tete, Msumbiji, 1811. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye daftari. Lakini macho ya mtu aliyekaa na mswada miaka miwili hayasomi tena, yanapita juu ya maneno kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani. Tafuta mtu mwenye macho mapya asome jalada, hata kama hasomi kingine. Mimi nilimpa binti kurasa zote, jalada nikaona si lazima.

Wiki ya pili ya mauzo, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja wa hapa mwenye asili ya wafanyabiashara wa zamani aliniita kibarazani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha jalada kwa ncha ya bakora.

"Mwanangu, huyu bwana alipofika hapa alipanda chombo cha nani?"

Nikamwambia, Betsy, aliikodi, ilikuwa mali ya Said bin Habib.

"Na mwenye mashua je, alikuwa hajavuka?"

Nikahisi jasho shingoni. Said bin Habib, mfanyabiashara wa Zanzibar, alikuwa amefika Luanda na kurudi miaka mingi kabla Cameron hajapata cheo, na simulizi ya safari zake ilichapwa 1860. Kitabuni mwangu nilimtaja mara moja, kwenye sentensi ya mkataba wa mashua. Luteni wangu alikodi chombo cha mtu aliyekwisha kufika kule yeye alikokuwa anakwenda, na mimi nikaandika juu yake herufi za njano.

Kuchapa upya kulikuwa nje ya uwezo wangu. Nilitengeneza vikaratasi vya masahihisho, Sh 60,000, wajukuu wakavibandika kwa gundi ndani ya jalada, vingine juu chini. Niliowauzia tayari niliwapelekea vyao mmoja mmoja, nauli za bodaboda sikuziandika popote. Shule mbili zilirudisha nakala zao, na zilikuwa na haki.

Nilipompelekea mzee nakala yenye kikaratasi, alivaa miwani, akakisoma polepole mpaka mwisho, akakipapasa kwa kidole.

"Herufi za Said bin Habib ni ndogo."

"Karatasi ilikuwa ndogo, mzee wangu."

"Lakini jalada ni kubwa," akasema, akanirudishia kitabu.